Robo Iliyokosekana Kitabuni

Nateete, 30 Januari 2024

Kwa Shemeji Obwona, Nsambya,

Salamu. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba dada yangu, yaya Victoire, na binti yenu Olivia hawajambo. Huku tu wazima, mimi na mbwa tisa, kama bado wanahesabiwa mbwa baada ya maneno yako ya Jumapili.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu nitapandisha sauti. Tena ni wewe uliyenifundisha, siku ya kwanza uliponishikisha mnyororo: "Kakule, lisiloandikwa halikutokea." Basi naandika ili litokee. Yaya ataibeba barua hii akija sokoni Jumamosi.

Jumapili, kwenye sherehe ya kipaimara cha Olivia, uligonga chupa kwa kijiko. Viti vilikuwa sitini na vinne, vitatu tu vitupu, nilihesabu. Ukasema: "Shemeji yangu nilimpa mbegu ya Sajenti, mbwa mweusi, mjukuu wa weusi. Yeye amemwachia Kivu wake akatembea na mbwa wa jalalani. Kazaa kahawia wawili!" Watu wakacheka. Olivia mwenyewe alicheka, na mimi ndiye niliyemnunulia lile gauni.

Tajudin alikuwa hapo, amekuja kutoka Old Kampala kwa heshima yako. Alikuwa achukue wanne wa kulinda ghala lake. Jana alinipigia: "Kakule, mbwa wa ulinzi kwangu ni ruhusa. Chombo nitaosha mara saba, sina taabu. Lakini mbwa wa uongo, hata nikiosha mara sabini hatakati."

Haya, sikiliza. Kivu alipoingia joto nilimfungia siku ishirini na moja. Kufuli moja, ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu pamoja na rozari. Sajenti aliingia siku ya kumi na moja na ya kumi na tatu, wewe ukiwa umesimama pale pale unakula karanga. Hakuna dume mwingine aliyevuka ule mlango. Amezaa wanane: weusi sita, kahawia wawili. Kahawia wametoka wapi sijui. Lakini sikudanganya.

Nilifika mji huu kutoka Butembo na mfuko mmoja. Nimetembeza vitenge mkononi miaka mitatu kabla ya kumnunua Kivu. Sina shamba, sina baba hapa, sina cheo. Nina neno langu tu, na hilo ndilo ulilolipiga kwa kijiko.

Aliyekuwa shemeji yako,
Kakule


Nsambya, 3 Februari 2024

Shemeji Kakule,

Pokea salamu zetu wote. Goti linauma asubuhi, jioni linasahau. Victoire mzima, Olivia mzima. Wewe unakula? Dada yako anasema umekonda.

Umejiandika "aliyekuwa shemeji". Omera, ndugu yangu, hilo haliwezekani. Dada yako yuko jikoni kwangu sasa hivi anakaanga samaki, na anaimba. Mpaka atakapoacha kuimba, wewe ni shemeji yangu.

Nakiri mzaha ulikuwa mkubwa kuliko chakula. Lakini jambo lenyewe siliondoi. Nimefuga mbwa wa kampuni ya ulinzi miaka ishirini na moja, kuanzia 1991 hadi ilipokufa 2012. Vitabu vya uzazi niliviandika kwa mkono huu. Mweusi kwa mweusi, siku zote mweusi. Hakuna kahawia hata mmoja kitabuni. Sajenti ametoka kwenye ukoo huo. Na wewe unajua kuwa jike mmoja anaweza kubeba watoto wa madume wawili mimba moja. Kufuli hufunga mlango, halifungi ukuta. Ulilala, basi. Kulala si dhambi.

Nakupa njia. Waondoe wale wawili kabla hawajafungua macho. Mtoto wa mbwa asiyefungua macho hajakuona, na wewe hujamwona. Una siku nne hivi. Mimi nitamwambia Tajudin kwamba nilihesabu vibaya, walikuwa sita, wote weusi, na cheti nitatia sahihi. Jina lako litarudi, na hakuna atakayekumbuka.

Shemeji yako,
Obwona


Nateete, 12 Februari 2024

Shemeji,

Habari za huko? Dawa ya goti ni tangawizi na mafuta ya ng'ombe, mama yetu alitumia. Mwambie yaya akupake.

Wamefungua macho Jumatano. Wote wanane. Na nikuambie jambo la ajabu: wote wana macho ya buluu iliyochujuka, kama maji ya kuoshea nguo. Weusi nao. Nilikuwa nimejiandaa kuona wale wawili peke yao.

Sikuwaondoa. Si kwa huruma, usinisifu bure. Nilifikiri hivi: nikiwaondoa, nimekubali kwamba nililala. Nikawapanga wanane ndani ya kreti la soda, nikapanda boda hadi kwa Daktari Akech, yule mama wa mifugo aliyemchanja Sajenti wako. Nikamwambia: "Daktari, baba mweusi, mama mweusi, mtoto kahawia. Nani mwongo?"

Akacheka. Akasema: "Hakuna mwongo. Kuna aliyejificha."

Nakueleza kama alivyonieleza. Kila mbwa hubeba maagizo mawili ya rangi hii, moja kutoka kwa mama, moja kutoka kwa baba. Wasomi wanayaita jeni. Agizo la weusi ndilo linalotawala. Likiwepo hata moja, mbwa ni mweusi, basi. Agizo la kahawia hujificha. Ni kama karani na bosi: bosi akiwa ofisini, karani anakaa kimya nyuma ya mlango, lakini yumo, na mshahara anachukua. Ili kahawia atokee, lazima mtoto apate makarani wawili, mmoja kwa baba na mmoja kwa mama. Kwa hiyo mbwa mweusi anaweza kumbeba kahawia maisha yake yote asionekane, akamrithisha mtoto, mtoto akamrithisha mjukuu.

Nikasema, sawa, wangapi? Akaniambia: baba na mama wote wakibeba, mmoja kwa wanne.

Wanne mara mbili ni wanane. Kahawia wawili. Sita na wawili, Shemeji!

Sikumwamini, unanijua. Nyumbani nilichukua makopo mawili. Kila kopo nikatia vizibo viwili vya soda, kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. Kopo la Kivu, kopo la Sajenti. Nachota kimoja huku, kimoja kule, naandika, narudisha. Mara mia mbili. Kahawia kwa kahawia ilitokea mara arobaini na saba. Robo ya mia mbili ni hamsini. Jirani yangu aliona vizibo akauliza nimeanza kucheza kamari lini.

Kingine nilichopenda: karani huyo hashiki manyoya tu. Pua zao ni kahawia, nyayo kahawia, na Daktari anasema hata macho yatakuwa mepesi kuliko ya ndugu zao. Ile buluu ni ya utoto, itaondoka. Rangi ya kweli inatulia wakifika miezi mitatu hivi. Kila asubuhi nawageuza kwenye mwanga kuangalia. Sijui itakuwa rangi gani na inaniwasha kutaka kujua.

Kwa hiyo Kivu anabeba, hilo nakubali mbele ya yeyote. Lakini na baba yao anabeba. Daktari ana jike wa kahawia. Tumpe Sajenti. Kama Sajenti hana karani, watoto wote watakuwa weusi, hata wakizaliwa mia. Kama anaye, nusu yao kahawia. Wakizaliwa saba na wote ni weusi, uwezekano kwamba anaye na bahati imenionea ni mmoja kwa mia na ishirini na nane. Hapo nitakuja kwako kwa magoti.

Shemeji yako (kwa sababu yaya anaimba),
Kakule


Nsambya, 25 Februari 2024

Shemeji Kakule,

Hatujambo. Tangawizi inachoma kuliko goti. Olivia amefungua shule, anauliza watoto wa mbwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, vizibo na makarani. Daktari Akech ni mtu mwema, lakini alizaliwa mwaka ambao mimi nilikuwa tayari nimeng'atwa mara tatu. Sajenti si mbwa wa majaribio. Sitampeleka kwa jike wa kahawia nikachafua ukoo ili kujibu swali ambalo kitabu kimeshajibu.

Wewe ni mtu wa hesabu. Basi nakupa hesabu. Nimekunakilia ukurasa mzima wa mama mmoja, Rada, bibi wa babu yake Sajenti. Alizaa mara nane, nyumba moja, chakula kimoja, posho na mukene, wale dagaa wa ziwani. Mara nne kwa dume Komando, mara nne kwa Jenerali, ambaye ndiye babu wa babu yake Sajenti. Tarehe, idadi, rangi. Hakuna nilichoacha.

Tafuta kahawia humo. Ukimpata hata mmoja, nitasimama mbele ya watu wale wale na nitagonga chupa ile ile.

Shemeji yako,
Obwona

Rada kwa Komando: 8, 9, 8, 7. Wote weusi.
Rada kwa Jenerali: 6, 6, 7, 6. Wote weusi.


Nateete, 6 Machi 2024

Shemeji,

Salamu kwa wote. Mwambie Olivia watoto wanaruka sasa, mmoja wa kahawia ameiba soksi yangu na kuificha kwenye buti.

Nimekaa na karatasi yako wiki nzima. Mwandiko wako mzuri, kama wa mtu wa mahakama. Kahawia sijamwona. Lakini nimeona kitu kingine, na nitakiandika polepole kwa sababu sijui kama nataka kiwe kweli.

Rada kwa Komando: thelathini na wawili. Kwa wastani, wanane kila uzazi.

Rada kwa Jenerali: ishirini na watano. Sita na kitu.

Nikasema labda alizeeka. Nikaangalia tarehe. Hapana, ulikuwa unawabadilisha, huyu mwaka huu, yule mwaka mwingine. Mama yule yule, chakula kile kile. Nikamuuliza Daktari kama dume anaweza kupunguza watoto. Akasema anaweza, dume dhaifu. Lakini Jenerali hakuwa dhaifu, umenisimulia mwenyewe alivyovunja mlango wa gari.

Robo tatu ya thelathini na wawili ni ishirini na wanne. Wewe umeandika ishirini na watano. Nimekosea kwa mbwa mmoja tu.

Shemeji, upande wa Komando kitabu kimejaa. Upande wa Jenerali kimepungua robo. Sikuulizi kwa ubaya. Vizibo vyangu vinaniuliza na mimi nakuuliza wewe: ile robo ilikwenda wapi?

Shemeji yako,
Kakule


Nateete, 20 Aprili 2024

Shemeji,

Wiki sita na siku tatu sijapata jibu. Yaya alikuja sokoni leo mikono mitupu. Nilimuuliza, akasema: "Anakaa na vile vitabu mapajani hasomi. Umemwandikia nini mume wangu?" Nikamwambia nimemwandikia hesabu. Akanitazama kama mama alivyokuwa akinitazama nikivunja chungu.

Wewe huumwi? Kama ni goti, sema. Kama ni swali langu, basi sema pia, hata kwa matusi.

Huku: weusi sita hawana mtu. Tajudin amenunua mbwa Entebbe. Watu wawili wengine walikuja, wakaona kahawia, wakasema "ndio wale wa kwenye sherehe," wakaondoka. Watoto wanakula kama askari na wana wiki kumi na mbili.

Nimegundua kwamba sihitaji ushinde wala ushindwe. Naogopa tu kwamba nimekuuliza kitu ambacho wewe hukuwahi kujiuliza.

Shemeji yako,
Kakule


Nsambya, 9 Mei 2024

Kakule,

Salamu. Mimi mzima wa mwili.

Barua hii nimeianza mara tano. Mara nne za kwanza niliiandika kama ripoti, kwa sababu ndiyo lugha ninayoijua. Hii ya tano naandika tu.

Mwaka 1993 Rada alizaa kwa mara ya kwanza na Jenerali. Wanane. Weusi sita, kahawia wawili. Sita na wawili, kama wako. Nilikuwa kijana, nilifurahi, nikamkimbilia mwenye kampuni kumwonyesha. Aliwatazama kisha akanitazama mimi. Akasema: "Ulilala zamu. Umemwacha mbwa wa barabarani akaingia." Nikaapa. Nilikuwa sijalala. Alinikata mshahara wa mwezi na kunisimamisha mbele ya walinzi wote, gwaride zima, mbwa wakibweka, akanisema. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akanipa ndoo ya maji.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kunipa ndoo. Kila Rada alipozaa kwa Jenerali niliwahi mimi wa kwanza, nikachagua, ndipo nikafungua kitabu. Sisi watunzaji tulikuwa na jina la kazi hiyo, tuliita kusafisha kitabu. Kijana mpya akija tunamfundisha: safisha kwanza, andika baadaye. Nadhani kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyelala.

Kwa Rada na Jenerali walikuwa wanane. Sikuwaandika lakini nawajua. Wawili, wawili, mmoja, watatu. Ongeza kwenye ishirini na watano wako.

Na Sajenti. Sajenti alizaliwa hapa nyuma ya nyumba yangu mwaka 2017, kampuni imekufa miaka mitano, bosi naye amekufa. Alikuwa na ndugu wa kahawia. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Nilimwondoa hata hivyo, kisha nikaandika: wote weusi.

Niliandika miaka mingi mpaka nikakiamini kitabu changu. Walipozaliwa watoto wa Kivu wako, mimi kweli niliona mtu aliyelala zamu. Nikakusimamisha kwenye gwaride. Hata kijiko sikukiona mkononi mwangu.

Nina swali moja, halafu sitakusumbua. Tuliwaondoa kila mara kabla hawajafungua macho. Mimi, mtu wa mbwa wa miaka yote hii, sijui. Wale wako wawili, macho yametulia kwenye rangi gani?

Obwona


Nateete, 14 Mei 2024

Shemeji Obwona,

Nakusalimu, na leo salamu si ya desturi. Unalala? Unakula?

Wanane kwa thelathini na watatu. Robo ni wanane na kitu. Nimeandika hesabu hiyo kisha nikaona aibu kuiandika, lakini ndivyo nilivyo.

Daktari Akech anasema nikuambie haki yote. Ndugu wa kahawia maana yake wazazi wote wawili wa Sajenti walibeba. Sajenti mwenyewe ana nafasi mbili kwa tatu ya kubeba, haijawa hakika. Ukitaka hakika kamili, jike wake wa kahawia bado yupo. Lakini mimi sikuomba hakika. Siku ile ya kipaimara ningetosheka na maneno mawili tu, "Sijui, Kakule."

Sasa yangu. Nimekasirika nawe bado. Kwa sababu ya kahawia wale wanane, na kwa sababu uliniambia nifanye yale yale, na nusura nifanye. Usiku wa Jumanne ile, kabla hawajafungua macho, ndoo ilikuwa imejaa. Hilo sikulisema. Ni rozari iliyonishika, au uvivu, au kwamba sikutaka ushinde. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kutoka mahali pa juu.

Robo tatu nimekusamehe. Robo moja imejificha, na itatokea siku tusiyoitarajia, labda nikiwa nimekunywa. Uvumilie.

Uliahidi chupa. Jumapili ni Pentekoste, yaya anapika kwa watu wa kwaya, ni wale wale. Mimi sitakuja. Nilikaa peke yangu uliponisema, nawe simama peke yako.

Swali la macho silijibu. Yapo, yamefunguka, yako Nateete.

Shemeji yako,
Kakule


Nsambya, 20 Mei 2024

Shemeji Kakule,

Tumeamka salama. Goti limenipeleka mahali pawili, nitakueleza.

Jana nilisimama. Chupa ilikuwa ya plastiki, haikulia, ikabidi nigonge sufuria ya Victoire. Viti vilikuwa hamsini na viwili, nimevihesabu kwa ajili yako, vitupu sita. Nikasema: "Januari hapa nilimwita shemeji yangu mzembe na mwongo. Kahawia wale walitoka kwa mbwa wake na kwa mbwa wangu pia. Yeye hakulala. Na mimi mwaka 1993 sikulala." Hilo la mwisho hawakulielewa. Mzee mmoja wa sauti ya pili akapiga makofi hata hivyo. Olivia amesema atakuandikia barua yake mwenyewe.

Leo asubuhi nilipanda kilima hadi dukani kwa Tajudin. Nikamweleza yote, na ndoo. Kisha akasema: "Afande, kwa hiyo mbwa alikuwa wa kweli, kitabu ndicho kilichokuwa cha uongo." Nikasema ndiyo. Akasema yule wa Entebbe analala kutwa nzima, na kwamba atakupigia kuhusu weusi wawili. Sikumwomba.

Nimechora kurasa za kitabu upya. Nimeongeza safu ya kahawia, nikajaza ninaowakumbuka, kila mmoja kwenye tarehe yake. Nimeongeza na safu ya macho. Kwa wale wa zamani nimeandika "hayakuonekana" mstari hadi mstari, mpaka kalamu ikaisha wino nikanunua nyingine.

Mstari wa mwisho ni huu:

Kivu kwa Sajenti, 24 Januari 2024. Waliozaliwa: wanane. Weusi: sita. Kahawia: wawili. Macho:

Hapo nimeacha wazi. Barua hii anakuletea Victoire, nami niko nyuma yake na kitabu kwapani. Nakwenda polepole, kwa sababu ya goti. Ukimaliza kusoma, fungua mlango.

Omera wako,
Obwona